Baba Mkwe na Testi ya Iringa

Mwezi uliopita tulimzika Karani Fanueli hapa Mbeya, na nilipopewa nafasi ya kusema neno juu ya marehemu nilisema kwamba alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, na kwamba kura yake ilikuwa inanunulika kwa firigisi ya kuku. Watu wakacheka msibani, jambo ambalo mchungaji hakulipenda hata kidogo, na mjukuu wangu aliyenishika mkono kunirudisha kitini akaninong'oneza, "Bibi, ndiyo maneno gani hayo?" Nikamwambia ni habari ndefu. Fanueli alikuwa wa mwisho kati ya wanaume watatu waliokuwa wakikaa sebuleni kwangu mwaka mmoja wa ujana wetu kuchagua timu ya kriketi. Mume wangu alitangulia, akafuata Dresa Yohana, na sasa nimebaki mimi ambaye sikuwa hata kwenye kamati. Lakini maneno yao yote ninayo, kwa sababu jiko langu lilikuwa nyuma ya dirisha la sebule, na wanaume wakishashiba husahau kwamba aliyepika bado yuko hai.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Uhuru ukiwa bado neno la kunong'ona. Nilikuwa mke wa mwalimu, nina miezi michache tu katika ndoa, na tulipewa nyumba ya shule yenye vyumba viwili na jiko la nje. Sebuleni kulikuwa na meza, viti vinne ambavyo kimoja hakikuaminika, na picha ya Malkia tuliyoikuta ukutani. Asajile, mume wangu, alikuwa ameokota kriketi huko alikosomea ualimu, akarudi nayo Mbeya na kuwaambukiza makarani wa boma, madresa wa hospitali, polisi wawili na fundi cherehani mmoja ambaye alikubaliwa kwa kuwa alikuwa na suruali nyeupe. Mchezo wenyewe, kama nilivyouelewa, ni mtu mmoja kulinda vijiti vitatu kwa kibao cha mti, mwingine kumrushia mpira mgumu kwa nia ya kuviangusha, na wengine wengi kusimama juani wakingoja chai. Basi walimu wa Iringa wakaleta salamu kwamba nao wana timu na hawaiogopi Mbeya. Wanaume wetu wakapandwa na wazimu. Walikuwa wamesikia kwenye redio, dukani kwa Mhindi, kwamba mataifa yakikutana kwa kriketi mechi huitwa Testi, wakasema na hii yetu ni Testi. Na kama ni Testi, lazima iwepo kamati ya kuchagua wachezaji, na kamati haikai na njaa. Ndivyo nilivyoingia mimi.

Nilifurahi kuliko wao. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amejitolea lori lake lililokuwa likipeleka mchele wa Usangu Iringa, na ilikubaliwa kwamba timu itapanda nyuma pamoja na mpishi mmoja, na mpishi ni mimi. Kwetu ni Kihesa, pale pale Iringa. Tangu niolewe sikuwa nimerudi, na habari zilizokuwa zikinifikia ni kwamba mama yangu alikuwa ameshikwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kila mwezi alikuwa akiona kidogo kuliko mwezi uliopita. Siku hizi ni jambo la kwenda hospitali asubuhi na kurudi na bandeji. Wakati ule, kwetu, lilikuwa jambo la kungoja giza. Nilitaka mama anione usoni kabla hajafungwa macho kabisa, hilo tu, na nililitaka hadi likawa linaniamsha kabla ya jogoo. Nauli ya basi kwa mshahara wa mwalimu mpya ilikuwa ndoto. Lori lilikuwa la bure.

Kikwazo kilikuwa baba mkwe. Jina lake sikulitaja wakati ule na sitalitaja leo, ingawa amelala kaburini miaka mingi. Mimi ni Mhehe, na kwetu wakwe huheshimiwa, lakini kwa Wanyakyusa wa enzi zile mke wa mtoto hakumtazama baba mkwe wake, hakupita njia moja naye, hakukaa alipokaa. Alipokuja nyumbani alikuwa akikohoa mara mbili tangu kwenye miti ya msindano, nami naacha chochote nilichoshika na kukimbilia jikoni nikiwa nimejifunika kichwa. Kwa hiyo nilimjua kwa kikohozi, kwa kengele ya baiskeli yake na kwa ugali aliobakisha kwenye sahani, ambao haukuwa mwingi. Siku hizi naona mabinti wanawatumia baba wakwe zao picha za watoto kwenye simu, na wazee wanajibu kwa vikaragosi vya kucheka. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba mimi, mwaka mzima wa kwanza, nilikuwa sijaiona pua ya mtu aliyenilipia mahari.

Na huyo baba mkwe ndiye aliyekuwa mrushaji bora kuliko wote Mbeya. Alikuwa mnyapara kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja, njia ya Mbalizi, na mzungu huyo kwa upweke wake alimfundisha kurusha mpira ili yeye apate kuupiga kila jioni. Miaka mingi ya kurusha ilimfanya mzee aweze kuangusha kijiti cha katikati na kuacha cha kushoto na kulia vimesimama. Kumwacha nje ya timu ilikuwa kama kwenda vitani na kuacha bunduki nyumbani. Lakini akipanda lori yeye, sipandi mimi. Asajile aliniambia hivyo kwa upole akiwa anafunga kamba za viatu, bila kunitazama. "Utakwenda mwaka mwingine, Skola."

Sikubishana. Jumapili ya kwanza ya kamati nilichinja kuku mmoja. Kila mtu anajua firigisi ni ya nani: ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye nyumba hiyo imependa kumtukuza. Asajile, kwa kutaka kuonekana mkarimu mbele ya wenzake, alikuwa amesema nigawe nitakavyo. Nikaiweka juu kabisa ya wali wa Dresa Yohana, Mbena mnene wa sauti ya upole, na nilipokuwa nikimnawisha mikono nikasema, "Shemeji, wewe ni mtu wa hospitali. Hivi magoti ya mtu mzima yanaweza kweli kukimbia siku nzima?" Yohana aliitazama firigisi, akanitazama mimi, akatabasamu kidogo. Nikarudi jikoni kusikiliza.

"Mimi kama mtu wa dawa," nikamsikia akisema baada ya kumeza, "nina wasiwasi na magoti ya mzee."

"Magoti yapi?" akauliza Asajile.

"Yote mawili."

"Juzi amekuja na baiskeli kutoka Mbalizi!"

"Baiskeli ni kukaa, Mwalimu. Hata mgonjwa anakaa."

"Mimi namtaka mzee," akadakia Karani Fanueli, tena kwa sauti ya juu. "Aandikwe wa kwanza. Magoti ni uongo." Niliielewa sauti ile. Ilikuwa ya mtu aliyepewa shingo.

Jumapili ya pili nikamgeuzia Fanueli. Alikuwa kijana mwembamba, Msafwa, mpenda haki na mpenda kula, na firigisi ilipomtazama kutoka kwenye sahani yake naye aliitazama kana kwamba anasoma barua ya serikali. Halafu akasema amelala akiwaza, na moyo wake unamwambia kwamba vijana nao wapewe nafasi. Hapo Yohana, mwenye bawa, akatangaza kwamba ameyafikiria upya yale magoti na ameona ni mazima, tena ni magoti ya kupigiwa mfano. Walibishana mpaka chai ikapoa. Wakahamia kwenye jambo la polisi ambaye kila mpira aliupiga kwa nguvu moja kwa moja mikononi mwa adui, wakabishana na hilo pia. Mimi nikajifunza kwamba kuku mmoja ana kura moja tu, na kwamba kura ile haidumu hata wiki.

Kwa hiyo Jumapili ya tatu nilichinja kuku wawili. Kamati ilikubaliana upesi ajabu: mzee apumzishwe, afanywe mlezi wa timu, apigiwe makofi atakaporudi kwake Mbalizi. Nilikuwa naimba kwa sauti ya chini, nimeshaanza hata kukunja khanga zangu akilini, mlango wa jiko ulipotiwa giza na Asajile, sahani mkononi. Juu ya wali wake kulikuwa na mgongo wa kuku, mkavu, na hakuna kingine.

"Skola," akasema, "kuku wawili wana firigisi ngapi?"

"Mbili, Mwalimu."

"Ziko wapi?"

"Kamati imekula."

Alitaka kukasirika, nikaona, lakini kicheko kilimtangulia, akalazimika kukaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Alipomaliza kucheka uso wake ulikuwa wa huzuni. "Huyo ni baba yangu," akasema. "Na bila yeye tutafungwa vibaya."

"Mkifungwa mtarudi, mtacheza mwakani," nikasema. "Macho ya mama hayarudi mwakani." Nilikuwa nimejikaza kwa majuma mengi, sasa machozi yalinitoka na moshi wa kuni nikausingizia bure, maana moto ulikuwa umeshazimika. Asajile alinipangusa kwa ncha ya khanga yangu mwenyewe. Alikuwa mume mwema, na wema wake ndio uliokuwa unamkata katikati. Akasema Jumapili ijayo ni ya mwisho, majina yataandikwa na kutumwa Iringa, na siku hiyo nipike maharage.

Nikapika maharage. Wanaume walikuwa wanayala kimya, kila mmoja akiwa na dhamiri yake bila msaada wa nyama, mara kikasikika kikohozi penye msindano. Mara mbili. Nilirukia jikoni nikavuta mlango. Baba mkwe hakuwa amealikwa. Nilimsikia akitupa kitu kizito mlangoni pa jiko, kikapiga kelele: kuku jike hai, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Kisha akaingia sebuleni, kile kiti kisichoaminika kikalia.

"Ugonile mwe," akawasalimu. "Nimekuja kwa sababu nasikia magoti yangu yanazungumzwa Mbeya nzima. Mpaka sokoni mama mmoja kanipa pole."

Nilimsikia Yohana akipaliwa na maharage. Wakati ule mtu mmoja tu angeweza kufungua mdomo, naye ni Fanueli, ambaye hakuwahi kuweza kuweka siri kwenye tumbo lenye njaa. "Si magoti, Mzee," akasema. "Ni lori." Akayamwaga yote: mpishi, Kihesa, macho ya mama yangu, mpaka firigisi. Mimi huko jikoni nilikuwa nimejifunika khanga uso mzima ingawa hakuna aliyeniona. Nilijua ndoa yangu imekwisha. Kampeni ya kumpinga baba mkwe kwa kuku, nani alishasikia?

Nikasikia hatua zinakuja uani. Kinu kikasogezwa. Kupitia ufa wa mlango niliona kivuli tu, kikinipa kisogo, nikafumba macho upesi. Hakuruhusiwa kunisemesha, wala mimi kumjibu. Lakini yule kuku hakuwa mkwe wa mtu yeyote.

"Gwe kuku," akaanza baba mkwe, taratibu, "mimi sikujua habari ya huyo mama wa Iringa. Ningejua ningesema. Lakini na mimi nina neno. Miaka yote nimemrushia mzungu mpira. Jua, mvua, namrushia. Kile kibao chake hajanipa nishike hata siku moja. Ananiambia, wewe rusha. Sasa kwenye hii Testi yao, ati kila mtu lazima apewe zamu ya kupiga, hata asiyejua. Ndiyo kanuni. Ndiyo maana nataka kwenda. Si kurusha. Kurusha nimechoka. Nataka kupiga."

Nilikaa chini kwenye majivu. Mpaka dakika ile alikuwa kikohozi na baiskeli, kitu kilichoniziba njia. Haikunijia hata mara moja kwamba naye anatamani kitu, tena kitu kidogo vile. Nikajikuta nimefungua mdomo, sauti ikatoka ndogo.

"Wewe kuku," nikasema, "mwambie huyo aliyekaa hapo aende. Mimi nitakwenda siku nyingine."

"Gwe kuku, mwambie aliye ndani asiseme upuuzi. Mzungu bado yupo, nitaendelea kumrushia. Mimi nitabaki."

"Kuku, mwambie aende."

"Kuku, mwambie nimeshakataa."

Kuku alikuwa ametulia kabisa, kichwa upande, na sijui tungemchosha mpaka lini kama sauti ya Fanueli isingepasuka kutoka dirishani: "Magunia!" Tukashtuka wote. Kumbe kamati nzima ilikuwa imebanana dirishani ikitusikiliza, Yohana akiwa bado na kijiko mkononi. Fanueli akapiga ubao wa dirisha. Lori linabeba mchele, si ndiyo? Basi magunia yapangwe katikati, yasimame ukuta mpaka juu. Mke wa Mwalimu akae mbele ya ukuta, Mzee akae nyuma, kila mtu na upande wake, hakuna anayemwona mwenzake mpaka Iringa. Wanaume wale, ambao kwa Jumapili nne walishindwa kukubaliana juu ya majina kumi na moja, walipanga magunia yale kwa maneno bila ubishi hata mmoja. Asajile alikuja uani, akamfungua yule kuku miguu, akamwacha aende.

Ndivyo tulivyosafiri, mimi na vyungu vyangu mbele, taifa la Mbeya nyuma. Barabara ilikuwa ya vumbi mpaka Igawa na ya matope kutoka pale, na baridi ya Mafinga ilitukuta bila blanketi la kutosha. Kwenye kila shimo nilisikia ng'ambo ya mchele fundi cherehani akililia suruali yake. Tulipofika Iringa, Asajile aliniruhusu nimkimbilie mama kabla ya kupika chochote. Mama alinivuta mpaka kwenye mwanga wa mlango, akaushika uso wangu kwa mikono miwili na kuuleta karibu sana na wake, akautazama pande zote, kulia na kushoto, bila haraka. Nilingoja maneno makubwa. "Umenenepa," akasema. Halafu akalia, nami nikalia.

Kesho yake akakataa kubaki nyumbani. Mkwe wake, Asajile, ndiye kapteni wa Testi, atakosaje kuja, hata kama ni kwa mbali na kwa heshima. Nikamwongoza mpaka pembeni kabisa mwa uwanja. Tulifungwa, na nisiwafiche, tulifungwa vibaya hata na baba mkwe akiwemo, kwa sababu wenzake waliangusha kila mpira aliowatengenezea. Ilipofika zamu yetu ya kupiga, wakaingia na kutoka kama wanaokwenda kunywa maji. Polisi, kama kawaida yake, aliupiga kwa nguvu mikononi mwa adui. Mechi ilikuwa imeshakwisha kwa hesabu yoyote, alipobaki mtu wa mwisho. Nikasikia jina lake likiitwa. Nikageuka mzima mzima nikaupa uwanja mgongo, nikatazama miti.

Basi tulikaa hivyo: mimi mwenye macho mazima nikiwa nimekatazwa kutazama, na mama aliyeruhusiwa kutazama akiwa haoni vizuri.

"Mama, niambie."

"Anaingia mtu mrefu. Mweupe."

"Baba mkwe si mweupe."

"Nguo, mwanangu. Au ni mbuzi yule? Hapana, ni mtu."

"Ameshika kibao?"

"Ameshika. Ameshika kama anakoroga pombe. Sasa amesimama." Akakaza macho. "Hautazami mpira, Skola. Anautazama ule mti wake tu. Anaupapasa."

Nikasikia viatu vikikimbia kwenye majani, kisha ukimya, kisha mlio mmoja mkavu wa mti na ngozi, na uwanja mzima ukapiga yowe, Iringa na Mbeya pamoja, yowe ambalo hungeweza kujua ni la furaha au la nini. Nilimshika mama mkono. "Umekwenda wapi? Mama, mpira umekwenda wapi?"

Mama alikuwa ameinua uso wote juu, macho yake yale ya ukungu wazi kabisa, akifuatilia kitu. "Juu," akasema. "Juu sana." Nikangoja. "Bado uko juu."

Jioni Asajile alitaka kunieleza ulipoangukia, na kama ulidakwa au haukudakwa. Nikamwambia, "Nyamaza, Mwalimu, mama ameshaniambia." Mvua za masika zilipoanza, macho ya mama yalifunga kabisa. Lakini nilipokuwa nikienda kumwona miaka iliyofuata, alikuwa akiwakalisha majirani na kuwasimulia siku aliyoona kriketi, mtu mrefu aliyevaa nyeupe, na mpira alioupiga. Na mpaka anafariki, kila aliposimulia, mpira ule ulikuwa bado haujashuka.